Umuravumba na Kuku wa Mama

Kwetu Mururu, wilayani Rusizi, kuku ni benki ya nyumbani. Madaftari yangu na nauli ya kurudi chuoni hutoka kwenye banda la Mama, lenye kuku wapatao thelathini. Mayai mengine huvuka mto Rusizi yakaliwe Bukavu. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia bandani, masomo yangu nayo yanayumba.

Likizo iliyopita kuku sita walianza kuhara kinyesi cha manjano chenye ukijani. Dalili hiyo huonekana katika homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na bakteria wa salmonela. Jirani alitushauri tununue unga wa tetrasaiklini sokoni. Mama alikataa. "Kuku akinywa dawa, mayai yake hayauzwi mpaka imtoke mwilini," alisema. "Na anayeniuzia haniambii ni siku ngapi." Akachuma umuravumba, kichaka chenye majani ya harufu kali ambayo Wanyarwanda huyatumia kutibu kikohozi na kuhara, akayaponda na kuyaloweka katika maji ya kuku.

Hofu ya Mama ina msingi. Tetrasaiklini ni dawa ya watu pia, na doksisaiklini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, hutibu kipindupindu, ugonjwa unaojulikana vizuri kando ya Ziwa Kivu. Dawa ikitolewa bila kipimo, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakazaana, kisha huweza kumfikia binadamu kupitia nyama, mayai au kinyesi. Kwa sababu ya hatari hiyo, tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku antibiotiki zinazotiwa katika chakula cha mifugo ili wakue haraka.

Je, majani yana nguvu kweli? Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake walichapisha utafiti juu ya kemikali waliyoipata katika umuravumba, ambayo ilizuia vijidudu maabara. Kitunguu saumu nacho kina alisini, iliyotambuliwa na wanasayansi wa Marekani mwaka 1944. Lakini alisini hutokea pale kitunguu kibichi kinapopondwa. Wanaokichemsha kikiwa kizima huiua nguvu yake kabla haijazaliwa.

Hata hivyo, maabara si banda. Katika tumbo la kuku dawa ya majani huchanganyika na chakula na maji, na kuku mgonjwa hunywa kidogo. Kati ya kuku wetu sita, wanne walipona na wawili wakafa. Mama anasema majani ndiyo yaliyowaponya. Mimi nasema hatujui, maana siku ileile tuliwatenga wagonjwa, tukaondoa maranda yaliyolowa na kuosha vyombo vya maji. Nikamwambia kwamba ili tujue, ugonjwa ukirudi tuwagawe wagonjwa, nusu wapewe majani na nusu wasipewe. Akanijibu, "Hiyo nusu isiyopewa, iwe ya kuku wako."

Jibu lake ni la haki. Mkulima maskini hawezi kugeuza mali yake kuwa jaribio. Kazi hiyo ni ya vyuo vyenye mabanda, maabara na wataalamu wa mifugo. Kabla ya hapo, umuravumba ubaki msaidizi wa usafi na daktari wa mifugo, usichukue nafasi yao. Tena tusiupe sifa usizostahili. Kideri huletwa na virusi, hivyo hakitibiwi kwa antibiotiki wala kwa majani. Kinga yake ni chanjo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili pia tuna sehemu yetu. Mama anasema "majani kiasi". Kiasi gani, katika lita ngapi za maji, kwa siku ngapi? Tuwaulize mama zetu, tupime na kuandika kwa lugha inayosomwa pande zote mbili za mto. Mtafiti hawezi kupima dawa ambayo kipimo chake kimo mkononi mwa mtu mmoja tu.