Nililipwa na Kitanda

Wacha nianze na pesa, maana karibu kila mtu aliyeniandikia baada ya ile vidio ya Norfolk aliuliza kitu kimoja: "Bro, doo ulitoa wapi?" Sikutoa mahali. Kuna kampuni moja, sitaitaja, iliyonifanyisha kazi ya vidio sita. Siku ya kulipa ikafika, yule jamaa aliyekuwa akinisimamia akasema bajeti imeisha, lakini walikuwa wamelipia vyumba vya mkutano fulani na usiku mmoja umebaki bila mtu. "Chukua hiyo. Utapata kontenti noma huko."

Kontenti. Mwenye nyumba wangu kule Githurai hachukui kontenti. Nilipoangalia bei ya hicho chumba mtandaoni, usiku mmoja tu ulikuwa umezidi kodi yangu ya miezi mitatu. Yaani niko na deni la mwezi mmoja, na nimelipwa kitu cha thamani ya miezi mitatu ambacho siwezi kukiuza wala kukiweka kwa M-Pesa. Ni cha kulaliwa tu.

Nilienda. Na wewe ungeenda, usijifanye.

Kwa wale hawajui, Norfolk iko hapo Harry Thuku Road, katikati ya Nairobi, ukivuka barabara uko National Theatre na Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilifunguliwa Krismasi ya 1904, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka mitano tu tangu reli ifike. Siku hizi iko chini ya Fairmont, hao hao wa Savoy ya London na Plaza ya New York. Kwa hivyo ukilala pale umelala kwa ukoo mkubwa, hata kama mfukoni una mia mbili ya kurudi nyumbani.

Chumba sitakielezea sana, vidio iko. Kitanda kilikuwa kipana kiasi kwamba nililala upande mmoja kwa mazoea, kama ninawachia ndugu zangu nafasi. Maji ya moto yalitoka mara moja. Nilioga mara tatu, na ya tatu sikuwa hata na uchafu, nilikuwa tu nataka kumaliza deni la zile vidio sita.

Kilichonishika ni ile trei ya chai. Birika dogo la umeme, vikombe viwili vyeupe, na vile vimfuko vya chai vyenye uzi. Mimi ni mtoto wa Silibwet, Bomet. Nimekua na majani chai mbele ya mlango, nyuma ya choo, na kando ya kaburi la babu. Nilikuwa nabeba kikapu kabla sijajua kusoma. Lakini kimfuko chenye uzi nilikiona mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, kwa ofisi ya mwalimu mkuu, na nikadhani ni dawa.

Nikaketi kitandani nikaanza hesabu, kwa sababu usingizi ulikuwa umekataa. Kimfuko kimoja kina gramu mbili hivi za chai. Kupata kilo moja ya chai iliyokauka unahitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Kwa hivyo kilo moja ya majani ya mama, ile anaichuna na mgongo wake, anaipeleka senta, inapimwa na kuandikwa kwa risiti, inatoa zaidi ya vimfuko 100. Na nyumbani, malipo ya kila mwezi kwa hiyo kilo huwa shilingi 20 na kitu. Bonasi huja Oktoba, na sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tunajua vile bonasi yetu huwa ukiilinganisha na ya wenzetu wa Mlima Kenya. Hesabu nyingine fanya mwenyewe. Mimi niliacha hapo, nikarudisha kimfuko kwa trei, halafu nikakichukua tena pamoja na mwenzake nikaviweka kwa begi.

Sasa kuna kitu sijawahi kukisema hapa.

Hapo ng'ambo ya barabara nilikuwa mwanafunzi. Mnaoniita "dropaut" kwa komenti mkidhani ni brandi, ni ukweli, lakini si ule ukweli mtamu wa vijana walioacha chuo ili wawe mabosi. Muhula wa pili wa mwaka wa pili, mama aliuza ndama, akaongeza bonasi ya Oktoba, akanitumia karo. Mimi nikanunua simu hii mnayoniona nayo, taa ya duara, na maikrofoni. Plani ilikuwa safi kwa kichwa: miezi mitatu nitengeneze hela, nilipe karo kabla ya mtihani, hakuna mtu atajua. Nikakosa mtihani wa kwanza. Wa pili nikaamka, nikavaa, nikafika stejini, nikarudi kulala. Baada ya hapo hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kwenda. Chuo hakikunikosea, na HELB hawakunikosea. Ni mimi.

Mama hakuwa anajua. Mwaka mmoja na miezi miwili. Kila akipiga simu ananiuliza, "Masomo?" namwambia, "Yako sawa, mama."

Jioni nilishuka pale veranda kurekodi. Nikaagiza chai, kwa sababu ndicho kitu niliona naweza kulipa. Mzee aliyenihudumia alinisikia nikisema "asande" badala ya "asante" akacheka. "Chamgei." Nikamjibu, "Chamgei mising." Yeye ni wa Mogogosiek. Akasimama na trei yake, akaniuliza kwetu, kiwanda tunachopeleka majani, kama mvua imefika. Halafu akaangalia ng'ambo.

"Unasoma hapo?"

"Ndio, mzee. Mwaka wa tatu."

Ulimi ulijibu kabla yangu. Umezoea.

"Vizuri sana, kijana wangu. Maliza. Wangu ako Eldoret, mwaka wa mwisho. Hii trei ndiyo inamsomesha." Akanimiminia chai, taratibu, kama mtu anayemwaga maziwa kwa sotet, akaenda meza nyingine. Ile chai sikuimaliza. Vidio ya veranda mtaona nimeitoa sauti nikaweka muziki. Sasa mnajua kwa nini.

Hiyo veranda pia ina mambo yake. Tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku alishikwa na serikali ya kikoloni kwa kuwatetea wafanyakazi juu ya kodi na kipande, na siku mbili baadaye watu wakajaa nje ya kituo cha polisi hapo karibu wakitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliokuwa wakitaka kurudi nyumbani, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa wakinywa pale Norfolk, inasimuliwa, nao wakajiunga kupiga. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine wamesema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku akapelekwa Kismayu, na leo hiyo barabara inaitwa jina lake, na mimi naketi pale nikipiga picha ya kikombe. Historia hii nilifundishwa hapo ng'ambo, mwaka wa kwanza. Ni mojawapo ya madarasa machache nilihudhuria yote.

Asubuhi saa mbili, niko kwa kile kitanda na robu nyeupe, simu ikalia. Mama.

Kuna msichana wa jirani alimwonyesha vidio. Ile ya dirishani, ambapo nimesimama na nyuma yangu unaona majengo ya chuo. Mama anaujua ule upande, tulipiga picha pamoja hapo siku ya kuripoti, yeye na lesso yake mpya na mimi na koti la marehemu mzee. Sauti ya simu ya huyo msichana iliharibika, kwa hivyo hakusikia nilichosema. Aliona tu.

"Weri," akaniambia, na sijamsikia na furaha hiyo tangu nipate barua ya kujiunga. "Nimeona mahali wamewapea kulala. Kitanda kama cha mzungu! Nimeambia kina mama wa senta, hiyo karo si bure. Nimewaonyesha wote."

Ningeweza kusema ndio. Nataka mjue niliifikiria. Ilikuwa neno moja, na angefurahi mwezi mzima.

Nikamwambia, "Mama, hiyo si hosteli. Ni hoteli." Akanyamaza. Nikasema yote: ndama, bonasi, simu, mtihani. Nilisema nikiwa nimekaa chini kwa zulia, sikuweza kuongea nikiwa juu ya kile kitanda. Alipojibu hakupiga kelele. Aliuliza kama nimekula. Nikasema ndio. Akauliza, "Na hiyo hoteli, nani analipa?" Nikamweleza kuhusu zile vidio sita na ile kampuni. Hapo ndipo alikasirika, mnaamini? Si juu ya chuo.

"Yaani umefanya kazi, na wamekulipa na kitanda?"

"Ndio, mama."

"Na umekubali?"

Huyu ni mama ambaye karani wa senta akiandika kilo 18 badala ya 19, majani hayatoki kwa mizani. Anasimama hapo na foleni yote inangoja. Nimemwona. Nilikuwa nikiona aibu nikiwa mdogo, najificha nyuma ya lori la kiwanda.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, kwa wale mlinifuata kwa maoni. Tunajifanya kwamba kupewa usiku wa hoteli, perfyumu, au chakula cha watu wawili ni malipo, kwa sababu picha inatoka vizuri. Mchumaji akipewa vimfuko vya chai badala ya pesa tutasema ni ukoloni. Sisi tukipewa tunasema "asanteni sana kwa kuniamini". Niliwaandikia wale jamaa siku hiyo hiyo nikiomba pesa ya vidio tano, nikawatolea moja ya kitanda. Hawajajibu. Vidio zao mbili nilizokuwa sijawatumia ziko kwa simu na hazitoki hapa mpaka wajibu. Mkitaka kuniita mgumu, sawa.

Wiki iliyofuata nilipanda matatu ya Bomet, Mai Mahiu, Narok, mpaka nyumbani. Mama alinipokea kama kawaida, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Alinipea kikapu kesho yake saa kumi na mbili, umande ukiwa bado kwa majani. Nilikuwa nimesahau vile vidole vinakuwa vyeusi. Nikamwambia ninaweza kutafuta kazi ya kuchuna kwa mashamba ya makampuni upande wa Kericho, nirudishe pesa ya ndama. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Huko ni mashine sasa. Shangazi yako aliondoka, utaenda wewe na mikono ya simu?" Kuhusu kurudi chuo, hajaniambia kitu. Nimeandika barua ya kuomba kurudi. Kuituma bado, maana karo sina, na safari hii sitaki ndama mwingine.

Jioni nikatoa vile vimfuko viwili kwa begi nikampea. Alivishika kwa uzi, akavigeuza, akararua kimoja akamwaga kwa kiganja. Akanusa.

"Hii ni PF1," akasema. "Ni yetu hii."

Akaitupa kwa sufuria ya maziwa, akararua ya pili akaitupa pia, akangoja ichemke. Rangi haikutoka. Akaangalia ndani muda mrefu, halafu akaniambia nilete mkebe wa majani.