Mbio Pekee Hazifungi Goli

Hapa Kaptagat, penye kimo cha meta 2,400 hivi juu ya bahari, vijana wamejaliwa pumzi. Kwa hiyo wazazi wengi husema timu ya shule haihitaji mafundisho. Na ikimbie tu. Mimi niwafundishaye jioni baada ya kazi za ofisi sikubali. Mpira huenda upesi kuliko miguu.

Nilikwenda kuwatazama tutakaopambana nao Jumamosi. Hawana mbio, lakini kila mpira hupitia kwa kijana mmoja wa katikati, naye huutuma kwa winga wa kushoto. Basi mlinzi wetu wa kulia ameonywa asipande ovyo, na yule wa katikati atafuatwa na kijana wetu mwenye mbio kuliko wote.

Kijana alinung'unika, kwani huu ni mwaka wake wa mwisho shuleni naye alitaka kufunga. Nikamkumbusha Eliud Kipchoge, aliyefanyia mazoezi papa hapa. Mwaka 2019, mjini Vienna, alimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akikingwa upepo na wenzake waliopangwa kwa zamu, kila mmoja mahali pake.

Kijana akakubali. Tukishindwa, na tushindwe kwa kuzidiwa, wala si kwa kukosa shauri.