Mwalimu Aliyeshuka Kitini

Edward Carey Francis aliondoka Alliance High School, kule Kikuyu, mwaka 1962, baada ya kuiongoza kwa miaka 22. Kabla ya hapo alikuwa ameiongoza shule ya Maseno kwa miaka 12. Kwa hesabu ya watu wengi, safari yake ilikuwa imefika mwisho, na mwisho wenye heshima: Kenya ilikuwa inakaribia uhuru, na wengi wa wale waliokuwa wakijiandaa kuishika serikali walikuwa wamepitia mikononi mwake. Angeweza kurudi kwao Uingereza akapumzika. Yeye akaenda Nairobi, mtaa wa Pumwani, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya hapo akiwa mwalimu wa kawaida, mwenye mwalimu mkuu juu yake. Alifundisha huko mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1966.

Ninalishuhudia jambo hili kwa sababu ndilo lililonitoa nyumbani na kunirudisha darasani.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ambayo mfadhili wake ni kanisa. Wanaozijua shule zetu za zamani za misheni wanaufahamu ule ubao wa mbao uliopakwa vanishi, unaotundikwa ukutani ofisini, wenye majina ya wakuu wote kwa mfuatano na miaka ya kila mmoja. Juu kuna majina ya Wazungu. Ukiteremka yanaanza majina yetu. Jina langu limo katika ubao mmoja wa namna hiyo. Nilipotimiza miaka 60, fundi aliitwa akaandika mwaka wa kuondoka kando ya mwaka wa kuingia. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza kuosha brashi yake.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa macho, sina pa kwenda. Jirani zangu waliendelea kuniita Prinsipali. Nililipenda jina hilo na liliniuma papo hapo. Nilifuga kuku, nikachoka nao. Kanisani nilipewa kamati, nikaiendesha kama mkutano wa walimu, wazee wakanyamaza kwa adabu. Nilimwomba Mungu anipe kazi nyingine ya kuongoza, kwa maana sikujua namna nyingine ya kuwa mtu wa maana.

Mchungaji wetu ndiye aliyeniletea kitabu cha L. B. Greaves kuhusu maisha ya Carey Francis, kilichochapishwa 1969. Nikakisoma kwa siku chache, kisha nikaanza kutafuta habari za wakuu wengine wa Alliance, mmoja baada ya mwingine. Nilitaka kujua mtu hufanya nini anapoondoka.

Wa kwanza alikuwa G. A. Grieve. Shule ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926, baada ya misheni za Kiprotestanti kuungana: Wapresbiteri wa Uskoti, Waanglikana wa CMS, Wamethodisti na Africa Inland Mission. Kabla ya hapo kijana Mwafrika hakuwa na shule ya sekondari ya kwenda humu nchini. Grieve aliiongoza mpaka 1940, na jina lake leo halitajwi sana. Lakini ni yeye aliyeanza na mahali patupu. Katika miaka yake walisoma hapo Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais. James Gichuru alifundisha hapo. Sisi walimu tunaijua kazi ya namna hii: anayepanda miche hukumbukwa kidogo kuliko anayekuta matunda.

Kisha akaja Francis. Huyu alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, mhadhiri katika Chuo cha Peterhouse, mtu aliyekuwa na njia nyeupe mbele yake. Mwaka 1928 aliyaacha yote akaja Maseno kufundisha wavulana hesabu na Biblia. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Nilikuwa nimefikiri kwamba kwenda Pumwani kulikuwa tendo la uzee, kama mtu anayetafuta cha kumshughulisha. Kumbe alikwisha kushuka mara moja akiwa na miaka kama 30 tu, alipokuwa na kila sababu ya kupanda. Pumwani ilikuwa mara ya pili. Hakuoa. Aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika. Miaka yote ile ya ukuu, kazi iliyomleta Kenya ilikuwa ni kusimama mbele ya watoto na chaki mkononi.

Sitaki kumfanya malaika. Mama yangu alikuwa msichana katika kijiji cha hali ya hatari, kilichozungushiwa handaki lenye vigingi vilivyochongwa, na mahali hapo si mbali na Kikuyu. Francis aliipinga Mau Mau kwa nguvu, na siasa za kudai uhuru upesi alizitazama kwa mashaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyorudi likizo ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa, watu wamehamishwa. Ndani ya lango kulikuwa na usalama, sare, ibada na mpira. Nje ya lango wazazi wa wavulana hao hao walikuwa wakisukumwa kwa bunduki. Mwalimu mkuu aliyewapenda wanafunzi wake kwa moyo wote hakuweza kuona haki ya wazee wao kama wao walivyoiona. Nimeliombea jambo hili na bado ni zito kwangu. Hata hivyo, alipoondoka kwenye kiti, nchi ile ile aliyoihofia ilipokuwa ikipata uhuru wake, alibaki ndani yake akaitumikia akiwa mtu wa chini. Wapo waliosema Afrika haiko tayari, wakafunga virago. Yeye aliingia Pumwani.

Laurence Campbell alimrithi, akaongoza kuanzia 1963 hadi 1970, kisha akarudi Uingereza kuongoza shule ya Kingswood, mjini Bath. Wakati wake mambo mengi yaligeuka. Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali. Kanisa likabaki mfadhili. Tangu hapo mwalimu mkuu hakuitwa na misheni tena. Aliajiriwa, akapandishwa cheo na kuhamishwa kwa barua. Nadhani ndipo ukuu ulipoanza kuwa ngazi, na sisi sote tuliofuata tuliikuta ngazi hiyo tukaipanda. Miaka ya 1970 Wakenya wakashika usukani wa Alliance, na wamefanya kazi kubwa. Christopher Khaemba, kwa mfano, aliondoka hapo akawa mkuu wa kwanza wa masomo wa African Leadership Academy, Johannesburg, iliyofunguliwa 2008. Hayo ni mema. Mtu aliyejaliwa kuongoza na aongoze.

Mimi sikujaliwa hivyo mara ya pili, na katika orodha yote ile nilimwona mmoja tu aliyekwenda mahali padogo kwa hiari yake. Habari ya Bwana Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu, katika Yohana 13, nilikuwa nimeihubiri shuleni mara nyingi mbele ya gwaride la asubuhi. Usiku mmoja katika kusoma huko ndipo nilipoisikia. Nililia, mke wangu akaamka akaniuliza kama ninaumwa.

Karibu na kwetu kuna shule ya sekondari ya kutwa. Mkuu wake ni mwanamke niliyemfundisha zamani. Nilimwendea ofisini, akasimama, akataka kunipisha kiti chake.

"Keti, Mwalimu Mkuu," nikamwambia. "Nimekuja kuomba vipindi."

"Vipindi, Mwalimu? Nilidhani umekuja kututembelea. Au unataka kuingia bodi?"

"Hesabu. Kidato cha pili. Wale wanaofanya vibaya."

Akanitazama kwa muda. "Na nikikuweka zamu?"

"Uniweke."

Aliniweka zamu wiki ya kwanza. Nilisimama langoni na daftari la wachelewaji, nikiwa mkubwa kwa umri kuliko kila mtu pale isipokuwa mlinzi. Wiki ya pili alinirekebisha mbele ya wenzangu kuhusu andalio la somo, na alikuwa na haki. Nilikwenda kwenye dawati langu katika chumba cha walimu nikaliandika upya. Furaha iliyoniingia nilipokuwa nikiliandika sikuwahi kuipata ofisini, ambako kwa miaka mingi nilishika mafaili ya karo, zabuni za mahindi na kesi za mabweni, na chaki niliishika kwa nadra.

Wanafunzi hawa hawakuchaguliwa kwa alama kama wale wa Alliance. Darasa limejaa, wengine wamekuja bila kiamsha kinywa, na wako waliofika sekondari bila kujua kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilirudi nao hadi kazi ya darasa la tano. Tulikata viazi kwa kisu, tukagawa makaratasi, na jioni wengine walibaki kwa hiari yao. Msichana mmoja aliyekuwa akificha daftari lake chini ya dawati sasa hulileta mwenyewe, na akikosea hubishana nami mpaka tuone kosa liko mstari gani.

Kidato cha pili hicho sasa ni kidato cha nne, na mtihani wa KCSE watauketia mwaka huu. Nimeomba nipewe pia kundi la Jumamosi asubuhi, la wale waliokata tamaa na hesabu kabisa. Mwalimu Mkuu amekubali, ila amesema nitafungua darasa mwenyewe, na funguo nizirudishe kwa mlinzi kabla ya saa saba.