Euro 40 za Mama

Mama alikuja Roma na haja moja: kusali Malaika wa Bwana pamoja na Baba Mtakatifu, Jumapili saa sita mchana, katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Aliniambia hivyo kabla hajapanda ndege. Mimi nikamkosesha, na kilichoniponza ni ubahili.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo watu huingia bure. Siku nyingine kiingilio ni kama euro 20 kwa mtu. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Nikamwambia, "Mama, asubuhi tutaingia bure, saa sita tutakuwa uwanjani." Nilijidanganya kwamba likizo za Agosti zikiisha Roma hubaki tupu. Kumbe Septemba ni msimu wa watu wengi, hasa wanaokwepa joto kali la kiangazi.

Foleni ilifuata ukuta wa Viale Vaticano, ikapinda kona, ikaendelea. Jua la huko mwezi huo bado linachoma. Mama alisimama na kitenge chake cha WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), rozari mkononi, magoti yakimuuma, asinung'unike hata kidogo. Ningeweza kumtoa pale. Kila nilipotaka kufanya hivyo niliwaza muda tuliokwisha kupoteza, nikang'ang'ania. Kengele za saa sita zililia tukiwa bado nje.

Tuliingia lango likikaribia kufungwa. Katika Kanisa la Sistina, chini ya dari ambalo Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512, Mama aliketi kwenye benchi la ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Baba Mtakatifu ameshaondoka kwenye dirisha anakosalia. Nikamjibu, ndiyo. Ndege yake ilikuwa kesho yake. Nilimwomba radhi, akanisamehe palepale, lakini sala ile hakuipata.

Wewe utakayempeleka mzazi wako Roma Septemba, nunua tiketi za makumbusho mapema kwenye tovuti yao, za siku ya kazi. Mabega na magoti yafunikwe. Beba chupa, maji ya mabomba ya mitaani yananyweka na ni bure. Jumatano Baba Mtakatifu akiwepo hukutana na mahujaji, na tiketi zake hazilipiwi. Jumapili usipange kitu kingine: mfikishe mzazi uwanjani mapema, umtafutie mahali pa kukaa, msubiri saa sita.