Spana na Daftari

Niliingia gereji moja ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1984 baada ya kumaliza darasa la saba, nikawa saidia fundi: kuosha vyuma kwa dizeli, kushika tochi, kutumwa chai. Fundi mkuu hakufundisha kwa maneno, ulimwangalia mikono. Magari yalikuwa Peugeot 504, Land Rover na Datsun, mengi ya kabureta. Injini ikimisi, unazungusha skrubu kidogo, unasikiliza, unazungusha tena. Sikio lilitosha, na kwa sikio hilo nilifungua gereji yangu.

Kisha yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, ya EFI. Hayo hayana kabureta. Nozeli hupuliza petroli kwa amri ya kompyuta, nayo kompyuta hutegemea sensa. Wenzangu wengi wa rika langu walisema hayo ni magari ya vijana.

Mawaidha kwamba elimu haina mwisho nilikuwa nayo tangu utotoni, na hayakuwahi kunifungulisha kitabu. Kilichonifungulisha ni Corolla moja iliyokunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Kwa kuchungulia kwa fundi jirani nilishajua kuunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia gari, ili taa ya injini iwakewake na kutaja namba ya ubovu. Taa ikasema hakuna ubovu. Moshi ukasema upo.

Nikatafuta nakala ya kitabu cha mafundi, cha Kiingereza, na kamusi ya TUKI iliyotoka 1996. Nikasoma kwa kuokota neno mojamoja. Humo nikakuta kwamba ukinzani wa sensa ya joto la maji hupungua maji yanapopata moto. Nikaipima kwa mita, injini ikiwa ya moto: ukinzani bado mkubwa. Kumbe kompyuta iliamini injini ni baridi, ndiyo maana ikazidisha petroli. Na kwa kuwa waya haukukatika, haikuona la kulalamikia. Nikabadilisha sensa, moshi ukakatika.

Nilijijua siku ile. Hamu ya kusoma hainijii nimekaa. Huja kazi ikinishinda, na hudumu nikijua jibu litanilisha kesho. Nikaanza daftari la magari yaliyonishinda: dalili, nilichopima, nilichokuta. Daftari likafuatwa na mwanafunzi. Kijana wangu mmoja hakuchoka kuuliza, "Mzee, kwa nini?" Majibu yaliponiishia nikajiandikisha kozi ya umeme wa magari katika chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, nikakaa dawati moja na watoto wa umri wa wanangu. Waliniamkia shikamoo, kisha wakaniacha mbali kwenye hesabu. Kwenye vitendo nikawasubiri mimi.

Sasa zimekuja haibridi. Betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinaua. Hapo hakuna kubahatisha: glovu za umeme, chomoa plagi ya usalama, subiri dakika 10, pima, ndipo uguse. Subira uzee umenipa, macho umechukua. Basi kijana husoma maelekezo kwenye simu, nami namwonyesha maana yake kwenye chuma.

Anayekuja kwangu leo kujifunza ufundi, kitu cha kwanza nampa daftari. Spana atazikuta.