Habari za kazi hazipandi ghorofani

Jua halijachomoza, lakini njia inayotoka Laini Saba, Kibera, na kupita kando ya maghorofa ya Nyayo Highrise imeshajaa watu. Wengi wanatembea. Wanavuka Mbagathi Way, wanapita Madaraka, wanashika njia ya Industrial Area ili wafike kwenye mageti ya viwanda kabla msimamizi hajatoka kuchagua vibarua wa siku. Saa hizohizo kina mama wa Kawangware wanaelekea Lavington kutafuta nguo za kufua. Mimi nimelelewa kwenye maghorofa hayo, na sasa naishi Lowell, jimbo la Massachusetts. Ukiniuliza ni nani Nairobi anayejua kutafuta kazi, simtaji mwenye shahada. Namtaja huyo anayewahi geti.

Kibarua hatoki nyumbani bila kujua aendako. Kufikia jana jioni alishajua ni kiwanda gani kimepata oda, msimamizi yupi anataka kitu kidogo, na ni mjengo upi umefika kwenye slabu, maana siku ya kumwaga zege huhitaji mikono mingi. Habari hizo hakupewa na ndugu yake. Alizisikia kwa mama wa chapati, kwa fundi wa viatu, kwa mtu ambaye hata jina lake la pili halijui. Msomi wa ghorofani naye ametuma maombi kwa simu usiku kucha, barua ileile kwa kampuni zote, kisha akaniandikia: “Uncle, nitafutie kitu huko.”

Ujumbe wa namna hiyo huja kwa wingi Januari, na sisi wa ughaibuni huujibu kwa pesa kidogo na maneno ya kutia moyo. Kazi ya huku hatuwezi kuitoa mfukoni. Hata sisi wenyewe tulipofika tulipewa iliyokuwa karibu. Hapa Lowell, mhandisi akipokelewa na binamu anayehudumia wazee, baada ya muda mfupi naye atakuwa anahudumia wazee. Ni kazi ya heshima, na imelipa karo nyingi Nairobi, siidharau. Lakini wapo walioishikilia miaka mingi bila kuipenda, kwa sababu kila waliyekaa naye mezani Jumapili alikuwa akiijua kazi hiyo tu.

Jambo hili la nani hukuletea habari ya kazi lilipimwa zamani, tena si mbali na ninapoishi. Mji wa Newton uko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Huko ndiko mwanasosholojia Mark Granovetter alikowahoji wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi karibuni, akatoa makala yake mwaka 1973. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimwona mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake haina uchawi: rafiki wa chanda na pete anajua unayoyajua wewe, ila yule wa mbali anaingia ofisi usizoingia.

Sasa uitazame Highrise. Ilijengwa miaka ya 1990 kwenye ardhi ya Kibera, na nyumba hazikuwaendea watu wa Kibera waliokuwa na hali ya chini. Ziliishia kwa wenye kipato. Ukuta ukasimama, na mawasiliano yakabaki ya kuitana kufua na kubeba maji. Huo ni udhalimu wa zamani, lakini umemgharimu pia kijana wa ghorofani. Bawabu anayefungua lango lao usiku ana ndugu kwenye maghala ya Industrial Area. Anayewafulia Jumamosi, Jumatatu yuko kwa mkurugenzi Lavington. Nani amewahi kuwauliza lolote?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiombe kazi, omba habari. Mtu ukimwomba kazi asiyokuwa nayo, ataona haya na kukukwepa. Ukimuuliza anachokijua, atafurahi. Mwandikie mwalimu aliyekusimamia ulipokuwa kwenye mafunzo ya kazini, mtunza hesabu wa chama cha mama yako, mliyecheza naye mpira shuleni: “Habari ya siku nyingi, naomba robo saa yako. Huko kwenu watu wa ghala hupatikanaje, na wanaoomba wengi hukosa nini?” Umalizie kwa kuuliza ni nani mwingine unaweza kuongea naye. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, mrudishie jibu. Mwambie ulienda, ulisikia nini, hata kama hukupata kitu. Asiyerudisha jibu hatajwi mara ya pili.

Koneksheni ya namna hii si hongo. Anayekudai pesa ili akuunganishe na kazi Qatar au Kanada anauza, hakusaidii. Kabla ya kulipa chochote, tafuta jina la wakala huyo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kwenye makaratasi ya kuombea kazi, naona Massachusetts imetushinda. Tangu mwaka 2010 waajiri wa hapa hawaruhusiwi kuuliza rekodi ya jinai kwenye fomu ya kwanza ya maombi, na tangu 2018 hawaruhusiwi kuuliza mshahara wako wa zamani kabla ya kukupa ofa. Vituo vya ajira vya MassHire hukusaidia kuandika wasifu bila malipo. Kenya, anayetaka kazi ya umma hutakiwa vibali vya HELB ya mikopo ya masomo, EACC ya kupambana na rushwa, KRA ya kodi na CRB ya madeni, juu ya cheti cha tabia njema cha polisi wa DCI kinachogharimu shilingi 1,050, na mara nyingi vyote hutakiwa kabla hajaitwa hata kwenye mahojiano. Kwa asiye na kazi, huko ni kumtoza kiingilio. Ila hapa Lowell hakuna mama wa chapati wa kukunong’oneza kwamba kesho wanachukua watu. Unapewa fomu safi, unabaki na upweke wako.

Basi ndugu yangu uliye Lowell, Minneapolis au London, ujumbe wa Januari ukikufikia, tuma pesa ukipenda, lakini tuma na jina. Mtafute mtu mmoja Nairobi mliyefanya naye kazi kabla hujaondoka, mpigie wewe mwenyewe, umwombe ampe kijana huyo robo saa.