Ziwa Linapogeuka Barabara

Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, Ziwa Mille Lacs huganda wakati wa baridi, nao wavuvi hulipita kwa pikipiki ndogo za magurudumu manne. Kabla ya msimu, betri hujazwa umeme, maana baridi huidhoofisha. Magurudumu nayo huvishwa minyororo. Yote hayo ni bure endapo barafu haikupimwa. Mvuvi hutangulia kwa miguu, akiitoboa kwa keekee. Idara ya Maliasili ya jimbo hushauri inchi 4 kwa mwenda kwa miguu, 5 hadi 7 kwa chombo hicho, tena barafu iwe mpya na angavu; iliyo nyeupe yataka unene maradufu. Shingoni huning'iniza misumari miwili yenye vipini: akitumbukia, ndiyo makucha yake ya kujivutia juu.